Mama Viungo na Ripoti 2187

Ofisini kwetu kulikuwa na mwanamke ambaye hakuna aliyemwita kwa jina lake la cheti. Tulimwita Mama Viungo, naye aliitika. Wageni waliolisikia jina hilo walidhani anauza mdalasini, na mmoja aliwahi kumuuliza kwa adabu kabisa kama amebakiwa na iliki. Kumbe kazi yake ilikuwa kuandika mwongozo wa programu tuliyokuwa tukiitengeneza, na kutunza viungo vilivyomo: yale maandishi ya buluu ambayo ukiyabofya yanakupeleka ukurasa mwingine.

Programu yenyewe ilikuwa ya majokofu ya chanjo. Kituo cha afya huweka kidude cha kupima joto ndani ya jokofu, programu yetu inakisoma, inaandika joto kila robo saa, na joto likipanda kupita kiasi inapiga kengele. Kama programu yoyote, nayo ilikuwa na hitilafu zake. Mtu akikutana na hitilafu alitupigia simu, mafundi wakaiandikia ripoti, ripoti ikapewa namba. Humo ndani uliyakuta yote: tatizo linavyoanza, nani analishughulikia, na mtumiaji ajisaidie vipi wakati bado halijatengenezwa. Mama Viungo aliisoma, akaandika mstari mmoja kwenye mwongozo, na mwisho wa mstari akaweka kiungo cha kwenda kwenye ripoti. Mistari ya namna hiyo ilifika mia tatu arobaini na mitatu.

Mimi nilikuwa mapokezi. Meza yake ilikuwa hatua sita kutoka yangu, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na mengine alinieleza mwenyewe tukinywa chai.

Hakuwa mtu wa kutulia. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mwembamba, mwenye hatua za haraka hata akienda chooni. Kabla ya kuja kwetu alikuwa akichapa mitihani ya shule, kazi ambayo herufi moja ikipotea watoto mia wanakosa swali, na nadhani huko ndiko alikookota ule wasiwasi. Kila Jumatatu asubuhi, hata mkoba hajautoa begani, alianza kufungua viungo vyake kimoja kimoja huku goti likitikisika chini ya meza mpaka kalamu zinacheza.

"Dada, tulia basi," nilimwambia.

"Nikitulia naona kama kuna kimoja kimekufa nyuma ya mgongo wangu."

Nyumbani aliishi na mama yake, mshonaji aliyeacha kazi kwa sababu ya magoti. Yule mama ulimi wake ulikuwa na wembe. "Kutwa nzima unatibu viungo vya kompyuta," alimwambia, "na hivi vya mama yako viko hapa vinalia kama mlango wa jela."

Basi mwaka ule kampuni ikaamua kuhamisha ripoti zote kutoka mfumo wa zamani kwenda mfumo mpya. Kazi akapewa fundi mmoja wa programu tuliyemwita Kimbunga, kwa kuwa jambo la wiki alilimaliza kwa siku mbili. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo, haraka tu. Akatengeneza kijiprogramu cha kubadilisha anwani zote ndani ya mwongozo kwa mkupuo, na kingine cha kujaribu kila kiungo kama kinafunguka. Saa ya chakula haijafika, akageuza kompyuta yake tuone: mistari ya kijani juu mpaka chini.

"Zote kijani," akasema. "Mama Viungo, leo umepata likizo."

"Zinafunguka, sawa. Zinafungukia wapi?"

"Kwenye ripoti."

"Ripoti ipi?"

"Dada yangu, kwenye ripoti! Ulitaka zifungukie kwenye duka la viatu?"

Tukacheka, mimi nikiwemo. Yeye hakucheka. Alirudi mezani, akafungua viungo ishirini vya mwanzo vya mwongozo na kuvisoma. Vyote vilikuwa sawasawa. Alipoanza cha ishirini na moja, meneja akamsimamia kichwani na fomu mkononi. Mashine ya mfumo wa zamani ilikuwa ya kukodi, wenyewe walikuwa wanaifuata saa nane, na kabla haijafutwa lazima mtu wa mwongozo asaini kwamba viungo vimekaguliwa. Na juu ya hayo kulikuwa na mwongozo mwingine mpya unaosubiri.

"Umeangalia?" akauliza meneja.

"Ishirini."

"Vikoje?"

"Vizima."

"Si basi?"

Akasaini. Aliniambia baadaye kwamba kalamu ilikuwa kama imemwasha vidoleni, lakini meneja na Kimbunga walikuwa wamesimama wakimngoja, na hakuwa na neno la kuwaambia zaidi ya kwamba moyo wake haujatulia. Huwezi kuandika hilo kwenye fomu.

Wiki mbili zilizofuata alikuwa kama mtu aliyeacha jiko linawaka. Kila siku alijiahidi kuendelea kuanzia cha ishirini na moja, na kila siku mwongozo mpya ulimla muda wote. Akiwa nyumbani aliinuka katikati ya chakula, akazunguka chumbani, akakunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Mama yake akamkazia macho.

"Mwanangu, kama ni mwanaume, sema. Kama ni ugonjwa, sema."

"Ni kazi, mama."

"Kazi gani hiyo ya kukaa kwenye kiti inakutoa jasho?"

Jumatano ya wiki ya tatu, saa nne asubuhi, simu ikalia mezani kwangu. Alikuwa mwanamke, mtunza stoo ya chanjo wa kituo kimoja cha mbali. Sauti yake haikuwa ya ugomvi, ila alikuwa na haraka.

"Mapokezi, nipe mtu anayeandika kile kitabu chenu."

Nikampungia Mama Viungo, akaja mbio, nikaweka simu kwenye spika ili aweze kuandika.

"Nakusikiliza, dada."

"Hapa umeme ulikatika alfajiri, ukarudi saa moja. Kompyuta inasema jokofu liko nyuzi tano. Lakini nimetia mkono, hakuna baridi ya kuitwa baridi. Kitabu chenu kinasema umeme ukirudi, saa ya programu inaweza kurudi nyuma na kengele isilie, nitazame ripoti namba 2187. Nimeibofya. Inanieleza habari za kitufe."

"Kitufe gani?"

"Sijui. Eti rangi yake ya kijani haifanani na vitufe vingine. Dada, mimi nina chanjo humu ndani."

Mama Viungo aliinama kwenye kompyuta yangu akafungua mwenyewe. Kweli, kitufe cha kijani.

"Usikate simu," akasema. "Tafadhali, usiikate."

Akatoka mbio mpaka kwa Kimbunga, nami nikabaki na yule mama wa stoo, nikisikia kwa mbali watoto wanalia upande wake.

"2187 ya zamani iko wapi?" nikamsikia Mama Viungo akimuuliza.

"Si ipo hapo hapo," akajibu Kimbunga bila kugeuka.

"Hapo pana kitufe! Ya saa na umeme iko wapi?"

Safari hii akageuka. Akatazama, akajikuna kichwa, akatazama tena. Akaandika neno umeme kwenye sehemu ya kutafutia, zikaja ripoti arobaini na kitu. Mama Viungo akamsukuma kiti, akazisoma mwenyewe akiwa amesimama, midomo ikienda. Ya sita ndiyo ilikuwa yenyewe. Ilikuwa imekaa kimya chini ya namba 1962.

Akarudi kwangu akikimbia na karatasi. "Dada, upo? Chomoa waya wa kile kidude cha kupimia. Hesabu mpaka thelathini. Sasa chomeka. Sasa funga programu yote, uifungue upya."

Tukasikia pumzi yake akihesabu. Tukasikia kiti kinasogezwa. Halafu kengele ikalia, kali, kwenye spika yetu, mpaka mhasibu akachungulia mlangoni kuuliza kuna moto wapi.

"Inasema ngapi?"

"Kumi na nne."

Chanjo zile hazitakiwi kuzidi nyuzi nane. Taa ya jokofu ilikuwa inawaka, lakini mashine ya kupoza haikuwa imeshika tangu umeme urudi, na kompyuta ilikuwa inarudiarudia joto la jana.

"Hamisha," akasema Mama Viungo. "Una makasha ya barafu?"

"Ninayo. Nahamisha. Lakini niambie kitu kimoja, dada. Haya maneno ya kuchomoa waya ni mafupi tu. Kwa nini hamkuyaandika palepale kwenye kitabu?"

Simu ikakatwa, na Mama Viungo akaliandika lile swali pembeni ya karatasi yake.

Saa moja baadaye yule mama alipiga tena. Alikuwa amekagua alama za kwenye chupa, zile zinazogeuka rangi zikipata joto. Nyingi zilikuwa zimepona. Trei mbili zilikuwa za kutupwa, na hizo ndizo zilizokuwa za siku ile. Kina mama ishirini na wawili waliokuwa kwenye mabenchi na watoto wao, ameambiwa na wakubwa wake awarudishe mpaka Jumatano ijayo. "Wawili wametoka mbali kwa miguu," akasema. "Sijui kama watarudi." Hakulaumu. Nadhani angelaumu ingekuwa nafuu.

Ukweli ulijulikana kabla ya chakula cha mchana. Mfumo wa zamani ulikuwa na ripoti mia mbili na zaidi zenye majina ya vituo na ya wagonjwa, na hizo hazikuruhusiwa kuhamishwa. Mfumo mpya ukazihesabu zilizobaki upya, moja mbili tatu. Kuanzia ripoti ya tisini na saba, namba zote zilikuwa zimesogea. Viungo ishirini alivyovijaribu Mama Viungo vilikuwa vya sura ya kwanza, yenye ripoti kongwe, zenye namba ndogo. Ndiyo maana vilikuwa vizima.

"Nilidhani namba ni namba," alisema Kimbunga. Alikuwa amekaa kama mtu aliyemwagiwa maji.

Meneja akatuita watatu chumbani kwake. Alizungumza polepole, kwa upole kweli. Alitaka mwongozo ule ufichwe, liwekwe tangazo dogo kwamba uko kwenye matengenezo, tuurekebishe kimyakimya.

Mama Viungo hakuweza kukaa. Alisimama ameshika mgongo wa kiti. "Mimi ndiye niliyesaini. Nilifungua ishirini, nikasaini mia tatu arobaini na vitatu."

"Hakuna anayekulaumu. Na tuseme ukweli, nani anasoma ule mwongozo?"

"Aliyeusoma leo asubuhi amehamisha chanjo kwenye makasha mbele ya kina mama ishirini na wawili."

Meneja akachukua kalamu aanze kuliandika lile tangazo.

"Vituo vyote viambiwe leo," akaendelea Mama Viungo. "Kwa simu, si kwa barua pepe ya kusomwa wiki ijayo. Wasibofye, watupigie sisi."

"Itaonekana vibaya."

"Ni vibaya, bosi."

Nilidhani atafukuzwa palepale. Meneja akanigeukia mimi. "Wewe una namba za vituo?" Nikasema ninazo. Mpaka saa kumi nilikuwa nimepiga simu sitini na moja, koo limenikauka.

Kuanzia Alhamisi mpaka Jumamosi jioni, Mama Viungo na Kimbunga walikaa meza moja. Au tuseme Kimbunga alikaa. Yeye alizunguka ile meza na makaratasi, akisoma mstari wa mwongozo kwa sauti, Kimbunga akatafuta ripoti yake, kisha yeye akainama kuisoma mwanzo hadi mwisho kabla ya kusema ndiyo. Mara ya kwanza Kimbunga alitaka kuleta zake.

"Hii hapa. Inafanana."

"Sikukuuliza inayofanana."

"Mama Viungo, inazungumzia kengele, na wewe unazungumzia kengele."

"Hiyo ni kengele inayolia sana. Mimi nina isiyolia kabisa. Tafuta."

Akatafuta. Kufikia Ijumaa alikuwa anazikataa mwenyewe kabla dada hajainama. Na kila ripoti iliyopatikana, Mama Viungo hakuishia kubadilisha kiungo. Aliyatoa yale maneno ya nini kifanyike, akayaandika kwenye mwongozo, palepale chini ya mstari, kwa maneno mafupi ya mtu mwenye haraka. Kiungo kikabaki cha anayetaka kujua zaidi. Swali la yule mama wa stoo lilikuwa halijamtoka kichwani. Aliniambia hata akipiga mswaki analisikia.

Jumamosi mchana mama yake alipiga simu mapokezi. "Mwambie huyo binti yangu, anarudi leo au nihamie huko na kitanda?" Nikafikisha ujumbe. Alitabasamu kidogo, mara ya kwanza kwa siku nne, akaendelea kuzunguka.

Walipofika mwisho, hesabu ilikuwa hivi: viungo thelathini na kimoja havikuwa na kosa, mia mbili themanini na sita vimerekebishwa, na ishirini na sita havikuwa na pa kwenda. Ripoti zake zilikuwa miongoni mwa zile zenye majina, zisizohamishwa, na mashine ya zamani ilikuwa imeshafutwa. Kilichobaki duniani ni ule mstari mmoja kwenye mwongozo: kuna tatizo hili, tazama huku. Na huku hakukuwapo.

Kimbunga akashika tama. Mama Viungo akaja mezani kwangu, akasimama akigonga gonga kaunta kwa kucha.

"Mdogo wangu, hizi ripoti zilianzia wapi?"

"Kwa watu. Walipiga simu."

"Simu alipokea nani?"

Nikamtazama. Simu nilipokea mimi, na kila simu naiandika: tarehe, kituo, aliyepiga, anataka nini. Madaftari tisa yalikuwa kabatini chini ya bahasha za zamani. Tuliyatoa, tukayafuta vumbi, na Jumatatu tukaanza kuwatafuta wale watu.

Wengine walikumbuka kwa shida. Wengine walikuwa wamehama vituo. Mmoja alikuwa ameshafariki, simu akapokea binti yake, na Mama Viungo akampa pole akakaa naye kwenye simu muda mrefu bila kumuuliza chochote. Ila kuna mmoja sitamsahau. Alikuwa fundi wa maabara, amestaafu, sasa anafuga kuku, na kuku walikuwa wanamsumbua sikioni wakati wote wa mazungumzo.

"Nakumbuka vizuri," akasema. "Joto likishuka chini ya sifuri, programu yenu ilikuwa inakula ile alama ya kutoa. Chanjo zinaganda kwa hasi tatu, kompyuta inaandika tatu, kila mtu anafurahi. Nilikuambieni mwaka ule, mkasema mmeandika."

"Tuliandika, baba. Halafu tukapoteza."

Yule mzee alicheka mpaka akakohoa. "Haya, chukua kalamu. Na safari hii andika kwa wino." Akamweleza hatua zote, ya kwanza hadi ya mwisho, akimkaripia kuku mmoja katikati.

Ilichukua siku nane. Ishirini na tatu zilipatikana. Tatu hazikupatikana, licha ya kupekua kote. Meneja alipendekeza ile mistari mitatu ifutwe, maana mwongozo unaokiri haujui unatia aibu. Mama Viungo hakubishana naye. Aliandika chini ya kila mmoja: Ripoti ya tatizo hili imepotea na hatujui dawa yake, ukikutana nalo, piga namba hii. Namba ilikuwa ya meza yake. Meneja aliisoma, akaguna, akaipitisha.

Jumatano ya kina mama kurudi, tukiwa bado katikati ya zile siku nane, Mama Viungo hakuweza kufanya kazi yoyote. Alinywa chai nne. Saa nane akashindwa kuvumilia, akampigia mtunza stoo.

"Wamerudi ishirini na mmoja," alisema yule mama. "Mmoja hakuja, ni katika wale wa mbali."

Mama Viungo akaiandika namba hiyo kwenye karatasi.

"Sikiliza, dada. Ijumaa namfuata kwake na kasha langu. Nishamwomba pikipiki mwenzangu." Akaongeza: "Na kitabu chenu kipya nimekiona. Sasa kinasomeka."

Ijumaa jioni ujumbe ukaingia kwenye simu ya Mama Viungo, maneno matatu tu: Mtoto amepata chanjo. Alinionyesha, akanionyesha tena kana kwamba sikuona mara ya kwanza, kisha akaenda dirishani akasimama ametugeuzia mgongo.

Msinidhanie nitasema alitulia baada ya hapo. Hakutulia. Hakupandishwa cheo wala hakufukuzwa, na fomu ya kusaini ikabadilishwa: sasa ina nafasi mbili, ya aliyesoma mwongozo na ya aliyesoma ripoti, na nafasi ya pili Kimbunga aliiomba mwenyewe. Kuna siku nilimkuta Kimbunga ameng'ang'ania kiungo kimoja robo saa nzima, watu wanamwita kwenye kikao, naye anasema subirini, sijafika mwisho wa ukurasa.

Mwezi wa tano simu ya meza ya Mama Viungo ikalia, na akaikwapua kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Alisikiliza, akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Rudia, kaka," akasema, akitafuta kalamu kwa mkono wa pili. "Rudia polepole, naandika."

Kati ya ile mistari mitatu isiyo na dawa, miwili bado inangoja.